Mwaka Tulioupima Mto wa Nambunga

Siku ya mwisho ya matanga ya mume wangu Abdala, nikiwa nimekaa ndani na wanawake wa Masasi wamenizunguka, nilisikia mtu barazani akisema, wala si kwa ubaya sana, "Marehemu alikuwa mdomo wa Wadachi." Mwingine akamjibu kwamba maiti hasemwi. Vikombe vya kahawa vikagongana, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya korosho. Mimi nilibaki na neno lile. Ni kweli Abdala aliwatafsiria Wadachi. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo na mimi sina sababu ya kulificha. Lakini aliyesema hakuwapo Newala mwaka ule uliofuata vita vya Maji Maji, mwaka wa njaa, na hakumwona Abdala akisimama kati ya bwana wa boma na mama mkwe wangu. Mimi nilikuwapo. Nimeishi na mtu yule maisha marefu, ya kugombana kwa sababu ya chumvi na kupatana kwa kicheko, na mengi naweza kuyasimulia. Hata hivyo nikifumba macho humwona daima katika mwaka ule mmoja, kanzu imemlowa hadi magotini, ameshika bakuli la udongo lenye wadudu wa mtoni, ananiuliza, "Na huyu, dada, mnamwitaje?"

Wakati huo nilikuwa mke wa mtu mwingine. Isa, mume wangu wa kwanza, alikuwa Mmakonde wa Newala aliyekuwa akishuka Masasi kuuza mpira wa msituni, na kwa desturi ya watu wa kwao mume ndiye humfuata mke, basi alikaa kwetu. Vita vilipofika Masasi, nyumba zikachomwa na watu wakakimbilia kwenye majabali, Isa alinipandisha hadi kwa mama yake Newala, akanikabidhi mlangoni kama mtu anayekabidhi mzigo wa safari. "Mama," alisema, "huyu ni wako mpaka nirudi." Kisha akaenda kuwafuata wenzake waliokunywa ile dawa, maji yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wadachi ziwe matone. Nakumbuka alivyogeuka mara moja kwenye kona ya njia, akacheka kwa aibu, kama kijana anayeondoka ngomani kabla haijaisha. Mama yake hakulia. Aliingia ndani, akaanza kukanda udongo.

Watu walimwita Mama Isa, na mimi vivyo hivyo, kwa kuwa neno jingine halikuja mdomoni. Alikuwa mfinyanzi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na ndonya kubwa, kile kipande cha mti, katika mdomo wa juu, hata maneno yake yalitoka yamelainika kingo kama vyungu vyake. Hakujua Kiswahili ila salamu. Mimi nilijua Kiyao na Kiswahili, Kimakonde nilikuwa nakisikia tu. Zaidi ya hayo kulikuwa na heshima ya ukwe: hatukutazamana usoni, na majuma ya mwanzo tulikula kila mtu amempa mwenzake mgongo, yeye kaelekea mlango, mimi kaelekea ukuta. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Vyungu vibichi vilipangwa kuzunguka kuta kama wageni waliokuja kwenye mazungumzo, na sisi wawili katikati tukawa hatuna la kusema. Kilichotuunganisha ni njaa. Askari walichoma maghala, wakachukua mbuzi, na mtama uliobaki ukawa wa kuhesabia punje. Tukaanza kwenda msituni pamoja kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, na mtu hawezi kuchimba ming'oko na mkwewe huku kampa mgongo. Mmoja huchimbua, mwingine hushika mzizi usikatike. Siku moja mzizi ulikatika, mimi nikaanguka chali, na Mama Isa akacheka hadi akashika mbavu. Jioni ile alisogeza chungu katikati, tukala tukitazamana.

Kisha likaja agizo la kushuka bondeni. Juu ya uwanda wa Newala hakuna maji. Tangu kale wanawake hushuka miteremko kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Wadachi waliona watu waliotawanyika vijijini hawawezi kuchungwa kwa macho, wakatukusanya wengi kwenye bonde moja, kando ya kijito cha Nambunga, tukajenga vibanda vya makuti ya mwituni na nyasi. Mto ulianzia kwenye chemchemi chini ya jabali. Karibu na chemchemi walikaa askari. Chini yao kidogo palikuwa na zizi kubwa la mbuzi, mbuzi wetu wenyewe waliotwaliwa kuwa adhabu ya vita. Chini ya zizi palikuwa na shimo la udongo mzuri wa kufinyanga, ambalo lilimfurahisha Mama Isa, furaha yake ya kwanza tangu Isa aondoke. Na chini ya shimo ndipo sisi sote tulipochota maji. Nayaeleza haya kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio ule ndio uliokuja kuwa kesi.

Watoto walianza kuharisha damu. Mwanzo mmoja mmoja, halafu kila kibanda. Zena, binti wa jirani yetu, mtoto aliyekuwa akija kuomba vipande vya udongo atengeneze ndege, alikufa mikononi mwa mama yake asubuhi, jua limeshawaka, watu wanapita na mitungi. Sijawahi kusahau jinsi Mama Zena alivyoendelea kumpepea.

Katika siku hizo ndipo alipofika yule tuliyempa jina la Bwana Mawe. Alikuwa Mdachi, lakini hakuvaa mavazi ya askari. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, ngozi ya shingo imebabuka kwa jua. Alitumwa kutoka pwani kuangalia ni wapi bondeni panafaa kujengwa kambi mpya ya askari, mahali penye maji mazuri. Sisi tulitegemea atachota maji, ayaonje, ateme. Yeye alivua viatu, akaingia mtoni, akaanza kupindua mawe na kuchungulia chini yake. Watoto waliobaki na nguvu wakamfuata wakicheka. Alihitaji watu wa kumsaidia, na wanaume hawakuwapo, basi mkalimani wake akazunguka vibandani akiita wanawake wanaojua mto. Ujira ulikuwa chumvi na mchele. Mama Isa alinisukuma kwa kiwiko. "Nenda," akasema. "Chumvi."

Mkalimani ndiye Abdala. Alizaliwa Lindi, ila mama yake alikuwa Mmakonde wa pande za Tandahimba aliyepelekwa pwani akiwa msichana, kwa njia ambazo watu wa zamani hawapendi kuzitaja. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha baba, Kidachi cha shule, na Kimakonde cha mama, cha jikoni, chenye maneno ya kitoto ndani yake. Mtu mzima, ana ndevu, akisema njaa kwa neno ambalo huambiwa mtoto anayenyonya. Wanawake walimpenda kwa hilo. Mimi nilikuwa mke wa mtu, nilimheshimu kwa mbali, nikamjibu aliyoniuliza.

Kazi ilikuwa hivi. Bwana Mawe aliugawa mto vituo, kuanzia chemchemini hadi chini unakoingia kwenye matete. Katika kila kituo tulipindua mawe ya eneo lilelile, tukakinga ungo chini ya mkondo, tukamimina tulichopata ndani ya mabakuli ambayo Mama Isa alikuwa ameyafinyanga kwa ajili hiyo, mapana na meupe kwa chokaa ili wadudu waonekane. Kisha tukawatenga kwa aina. Walikuwapo wadudu bapa wenye mikia mitatu, wanaong'ang'ania jiwe kama kovu. Walikuwapo wanaojijengea vinyumba vya vijiti na kuvivaa. Walikuwapo watoto wa kereng'ende, kaa wadogo, konokono, ruba, na minyoo myekundu kama uzi wa khanga. Bwana Mawe alieleza, Abdala akatafsiri, kwamba viumbe hawa hawafanani kwa subira. Wale wa mikia mitatu hawavumilii uchafu hata kidogo. Mto ukichafuka, wao ndio wa kwanza kufa. Kaa na konokono huvumilia kiasi. Minyoo myekundu hustawi penye uoza. "Maji ya leo yanaweza kuonekana safi," Abdala alisema, "maana uchafu wa jana umeshapita. Lakini wakazi wa mto hawapiti. Ukiwaangalia wakazi, unaujua mwezi mzima." Basi kila aina ilipewa alama yake, kubwa kwa wasiovumilia, ndogo kwa wavumilivu, alama zikajumlishwa, na kila kituo kikapata namba.

Mimi sikuwa nimesoma shule, ila nilikuwa nimekulia dukani kwa wajomba zangu, hesabu haikunitisha. Kilichonishangaza ni alichofanya na zile namba. Alikuwa na karatasi yenye miraba midogo. Kwa chini aliandika vituo kwa mpango wake, kutoka chemchemini hadi kwenye matete. Kwa ubavu namba, ndogo chini na kubwa juu. Akaweka nukta juu ya kila kituo, akaziunganisha. Mchoro kama huo wajukuu wangu siku hizi huko shuleni wanauita grafu na wanalalamika inawachosha. Mimi nilipouona mstari ule mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mto akiwa ndege. Ulianza juu, ukatambaa sawasawa, halafu mahali pamoja ukaporomoka, ukaenda chini chini kama mtu mgonjwa, ukaanza kuinuka polepole kuelekea kwenye matete. Bwana Mawe alirudia kuhesabu mara nyingi, mvua ilipokatika na mto ulipopungua, maana hakutaka kuamini jambo lililotokea siku moja. Mstari ulikuwa uleule.

Tulifanyia kazi katika kibanda chake, kilichonuka pombe ya kuhifadhia wadudu na uji wa mchele. Mchana mpishi wake alileta chungu cha wali na mbaazi, na Bwana Mawe hakuwa na makuu, alikula pale pale, bakuli la wadudu upande huu na la wali upande ule. Siku moja alikosea mkono, tukapiga kelele sote. Nilikuwa nikila nusu na kufunga nusu kwenye jani la mgomba kumpelekea Mama Isa. Abdala aliliona hilo. Hakusema kitu, ila tangu siku ile alianza kuniambia ameshiba kabla sahani yake haijaisha, akisogeza kilichobaki upande wangu huku anatazama nje.

Maneno yalianza nikiwa mtoni. Nilisikia sauti za wanawake wawili nyuma ya matete, wakisema juu ya shimo la udongo. Mmoja alisema Mama Isa amelichimbua mpaka ameufungua ubavu wa mto. Mwingine akashusha sauti, akasema si udongo. Alisema Mama Isa alibakiwa na maji ya vita, yale aliyokunywa mwanawe, na kwa uchungu wa mwana asiyerudi ameyamwaga mtoni, ili na watoto wa wenzake wasirudi. Maneno kama hayo yalikuwa na sumu mbili. Watu wakiamini, wangempiga mawe kwa uchawi. Boma likisikia, wangemnyonga kwa vita. Tulikuwa tumeshaona miti iliyonyongewa watu, na hakuna aliyepita chini yake.

Nilirudi mbio, nikamkuta Mama Isa amekaa mbele ya kibanda, Mama Zena amesimama mbele yake. Hakuwa akipiga kelele. Laiti angepiga kelele. "Niambie tu," alikuwa akisema kwa Kimakonde, "niambie umefanya, nijue. Sitakuuliza tena." "Mama Zena," Mama Isa akajibu, "mimi ndege za mwanao bado ninazo. Nimezichoma zisivunjike. Zichukue." Mama Zena akageuka akaondoka bila kuzichukua, na siku ya pili yake Jumbe Namkuva, mkuu wa vibanda vyetu, alikuja kusema kwamba habari zimefika kwa bwana wa boma na kwamba atashuka mwenyewe kusikiliza.

Nilikwenda kwa Abdala. Nikamwambia yote, hata lile nililolijua mimi peke yangu: kwamba ni kweli Mama Isa aliyanywa yale maji. Alikunywa pamoja na Isa, kutoka kibuyu kimoja, ili kama dawa ni kweli iwe kweli kwa wote wawili. Hakumwaga chochote mtoni, kwa kuwa hakikubaki chochote. Abdala alisikiliza, akachukua ile karatasi ya miraba, tukaenda kwa Bwana Mawe. Bwana Mawe aliuangalia mstari, akaangalia mlima wa mawe tuliyoyapindua, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Mto amesema. Mimi tutaonyesha."

Hakutaka kuuonyesha kwenye karatasi. Nadhani alijua karatasi ni kitu cha kutazamwa na watu wawili au watatu, halafu hukunjwa. Kibanda cha Jumbe kilikuwa na ukuta uliokandikwa upya, na kwenye ukuta huo, kwa mkaa, tuliuchora mto mzima: chini tukachora alama ya kila kituo, jabali kwa chemchemi, mbuzi kwa zizi, chungu kwa shimo la udongo, mtungi kwa mahali pa kuchotea. Juu ya kila alama nikapiga nukta kwa kidole. Mama Isa mwenyewe ndiye aliyechanganya chokaa ya kuchorea mstari. Nilikuwa nikimtazama anavyokoroga, taratibu, kama anayepika kwa ajili ya wageni, nikatamani kumwambia akimbie, lakini angekimbilia wapi, na kwa miguu ile ya mzee?

Bwana wa boma alishuka asubuhi na askari wake. Watu wote wa bonde walikusanywa. Bwana Mawe alisimama ukutani na fimbo, akasema kwa Kidachi, na Abdala akatugeuzia. Hapa chemchemini wakazi wote wa mto wapo, wenye mikia mitatu wamejaa. Hapa chini ya kambi ya askari bado wapo. Hapa chini ya zizi, tazameni, mstari unaanguka. Wa mikia mitatu wamekwisha, kaa wamekwisha, kuna minyoo myekundu tu. Samadi na mikojo ya mbuzi wale inaoshwa kuingia mtoni kila mvua. Hapa kwenye shimo la udongo mstari hauanguki tena. Umekuja tayari umeanguka. Na hapa penye mtungi, watu wanakunywa. Hakuna aliyehitaji kusoma. Watu walifuata fimbo kwa macho, na ilipofika kwenye mbuzi na kushuka, mguno ulipita katika umati mzima. Mama Zena alikuwa amesimama mbele kabisa. Alinyoosha mkono, akaufuata mstari kwa kidole, kutoka juu hadi ulipoporomoka, akabaki ameshikilia pale.

Bwana wa boma hakufurahi kuambiwa habari za zizi lake mbele ya watu. Bwana Mawe akamwambia kwamba kambi mpya anayoitaka itakuwa chini ya zizi vilevile, na askari wake nao watakunywa, hilo likamwingia. Lakini hakumaliza. Alimwita Mama Isa asogee, akamuuliza kupitia kwa Abdala: zizi ni zizi, je, wewe ulikuwa na maji ya vita?

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mama Isa hakujua kusema uongo. Nafikiri hakuwahi kuona faida yake. Akajibu kwa Kimakonde, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chungu: "Nilikuwa nayo. Nilimpa mwanangu akanywa, na mimi nikanywa. Kama angekufa, sikutaka nibaki nimejiokoa peke yangu."

Bonde zima lilimsikia. Kila aliyekuwapo aliyejua Kimakonde, na karibu wote walikijua, alisikia maneno yale yaliyotosha kumtundika mtu. Nilimtazama Abdala. Uso wake ulikuwa umetulia, ila kidole gumba chake kilikuwa kikisugua pindo la kanzu. Akamgeukia bwana wa boma, akasema Kidachi, maneno mengi kuliko yale aliyoyasema Mama Isa, kwa upole, bila kugugumia. Bwana wa boma akamtazama Jumbe Namkuva, kana kwamba anauliza ndivyo? Jumbe akainamisha kichwa kukubali. Yule bwana akawatazama watu. Hakuna aliyesema. Akamtazama Mama Zena, kwa sababu ndiye mwenye kesi, akamuuliza kwa Kiswahili mwenyewe, "Wewe una neno?" Mama Zena, kidole chake kingali ukutani, akasema, "Sina neno, bwana. Ondoa mbuzi."

Bwana Mawe alielewa Kimakonde kidogo, cha kutosha kazi. Alikuwa ameinama anafuta chokaa mikononi, na aliifuta muda mrefu sana.

Walipokwenda, Mama Isa alirudi kibandani, akakaa, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza niliishika mikono ile. Nilikwenda kumuuliza Abdala alimwambia nini yule bwana. Alikuwa amekaa kwenye jiwe anakamua kanzu yake iliyokuwa haina maji. "Nilimwambia mama anasema: maji pekee aliyokuwa nayo ni ya mto huu, mwanawe alikunywa na yeye akanywa kama watu wote, na kama yana sumu basi amekwisha kunywa sumu yeye mwenyewe." Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Sijawahi kugeuza neno la mtu," akasema. "Kazi yangu ni moja tu, na leo nimeivunja." Nilimwambia hakuivunja. Sikujua jinsi ya kulieleza zaidi ya hapo, na mpaka leo sijui.

Mbuzi waliondolewa. Tuliendelea kuhesabu miezi iliyofuata, na mvua za masika ziliposafisha mawe, wale wa mikia mitatu wakaanza kurudi, mmoja hapa, mmoja pale, kama watu wanaorudi kijijini baada ya vita wakiogopa kupiga hodi. Kila tulipompata mmoja chini ya zizi la zamani, tulimwita Bwana Mawe kwa kelele. Mstari ukapanda, polepole kuliko tulivyotaka. Watoto wakaacha kufa kabla mstari haujafika juu, kwa sababu tulikuwa tumehamia kuchota karibu na chemchemi. Siku ya kuondoka kwake Bwana Mawe alimwachia Mama Isa miwani yake ya akiba, naye aliivaa kufinyangia mpaka kioo kikapasuka. Sikusikia habari za Bwana Mawe tena.

Tulipokwisha kurudi juu Newala, habari za Isa zililetwa na mpagazi mmoja aliyerudi kutoka nchi za magharibi, amekonda, akitafuna maneno. Alimwona kwa macho. Isa alianguka katika vita vya mwanzo kabisa, hata kabla ya zile nyumba zetu kupoa majivu. Kumbe wakati wote tuliokuwa tukimsubiri tulikuwa tukimsubiri marehemu. Mama Isa alimpa mpagazi yule chakula, chote kilichokuwamo, akamsindikiza hadi njiani, akarudi. Akanilaza kichwa mapajani mwake, akasuka nywele zangu upya, nywele za mjane, akilia bila sauti, matone yakidondoka kwenye mistari aliyokuwa akiichana. Nilikaa eda ndani ya chumba kile cha vyungu. Yeye ndiye aliyetoka, yeye ndiye aliyechota maji, mimi kijana yeye mzee, na kila nilipoinuka alinisukuma nikae.

Eda ilipokwisha, Abdala alikuja. Alikuwa ameacha kazi ya boma. Hakuja kwangu, alikuja kwa Mama Isa, akakaa nje kwenye vumbi, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akashindwa kuendelea. Yule mtu wa lugha tatu hakuwa na neno hata moja. Mimi nilikuwa ndani, nimeegemea chungu, nasikiliza. Hatimaye Mama Isa akasema, "Baba, ulinisemea mimi siku nisiyojua kujisemea. Sasa ngoja nikusemee wewe." Akaniita nje. Akaniuliza kama nataka. Nilimtazama yeye badala ya Abdala, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna maumivu usoni mwake, mama ambaye mwanawe hana hata kaburi. Niliyaona. Lakini chini ya maumivu yale alikuwa ananihimiza kwa macho, kama alivyonisukuma kwa kiwiko siku ile ya chumvi. Nikasema nataka.

Ndoa ilipaswa kufungwa kwetu Masasi, kwa wajomba zangu waliokuwa wamerudi kujenga upya. Nilidhani Mama Isa angetuaga Newala. Asubuhi ya safari nilimkuta amefunga mkeka wake na chombo chake cha kufinyangia, amekaa mlangoni ananisubiri. Tulisafiri polepole kwa ajili yake, tukateremka uwanda, na tulipofika Chiwata jua limesimama kichwani, mwanamke mmoja alitukaribisha kivulini mwa nyumba yake, akatupa mihogo ya kuchemsha. Alinitazama mimi, akamtazama Abdala aliyekaa mbali kwa heshima, akafahamu ni safari ya harusi. Kisha akamgeukia Mama Isa, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani kwa hawa. Nilifungua mdomo nieleze, nikaona sina pa kuanzia: mama wa mume wangu aliyekufa, ananipeleka kwa mume mwingine. Mama Isa alimeza muhogo wake kwanza. Akajipangusa mkono kwenye nguo, akaniwekea begani.

"Mimi ndiye mama wa bibi harusi," akasema. "Una maji? Mwanangu ametembea sana, nataka nimwoshe miguu."